Pumzi Isiyochoka

Chantal na Idi, ninyi ambao sasa mnakalia meza yangu, siku ile ya kuniaga mliniuliza kwa nini kila antena ya ateliye, karakana yetu, inapimwa ikiwa imefunikwa udongo mbichi ndani ya beseni, wakati vitabu vinataka ipimwe kwenye chumba kikavu kisicho na mwangwi. Sikuwajibu vizuri. Kulikuwa na fanta na hotuba. Tangu hapo nimekaa nyumbani hapa Rumonge, kando ya ziwa, nikisikiliza majirani wakigombana na kuku wao, nikaona heri niandike.

Niliingia kwenye kazi hiyo nikiwa mtu mzima. Kabla yake nilikuwa fundi wa redio na simu karibu na soko, mwanamke pekee mwenye chuma cha kulehemu katika safu ile ya vibanda, na wateja wapya walinipita kwanza wakimtafuta fundi. Papa Bahati hakunipita. Alikuwa injenia kutoka Uvira, aliyevuka mpaka na sanduku moja lililojaa vyombo vya kupimia, bila hata shati la kubadilisha. Alikuja kununua risasi ya kulehemu, akasimama akitazama mikono yangu mpaka nikamuuliza kama kuna tatizo.

“Hapana,” akasema. “Niko natafuta mutu ambaye hatetemeki.”

Ateliye yake ilikuwa nyuma ya stoo ya mawese, kwa hiyo vipimo vyetu vyote, vizuri na vibaya, vilinukia mawese. Siku ya kwanza alinipa kipande cha plaketi, kibao chembamba kilichopakwa shaba, kidogo kama kiberiti.

“Mama Zaina, hii ni sikio. Utaikata mpaka isikie kila kitu.”

“Kila kitu?”

“Kila kitu. Kisha nitakufundisha kuifanya isisikie.”

Nilidhani anatania. Wiki hiyo niliharibu plaketi nyingi kuliko nilizotengeneza. Tulikuwa tunachora umbo la antena kwa kalamu ya wino mzito, tunaitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba, tunaosha, tunalehemu kiunganishi pembeni, halafu tunaifunga kwenye analizeri, mashine inayoonyesha antena inasikia masafa gani na inayakataa yapi. Papa Bahati hakuwahi kunipandishia sauti. Kasoro yake ilikuwa moja, aliimba nyimbo za kwaya wakati ninapima, na alipandisha kila mara nilipokaribia kukumbuka tarakimu.

Antena hizo zilikuwa za chombo cha kutafuta watu waliofukiwa. Ninyi mnakijua, lakini atakayesoma baada yenu huenda asikijue. Chombo hutuma mapigo mafupi mno ya redio ndani ya udongo. Pigo fupi namna hiyo halikai kwenye masafa mamoja kama stesheni ya redio, hutawanyika juu ya masafa mapana sana, na antena lazima iyapokee yote. Pigo likigonga kifua cha mtu aliye hai, mwangwi unaorudi hubadilika kidogo, maana kifua kinapanda na kushuka, hata kama ni kwa upana wa ukucha. Kwenye kioo unaona mstari unaopanda na kushuka. Basi. Mstari ukilala, hakuna mtu, au yupo na hapumui.

Kazi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa Muhuta. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na sehemu ya mlima juu ya barabara ya ziwani ikaporomoka, ikafunika nyumba chache na mashamba ya mihogo. Tulipofika asubuhi watu walikuwa wanachimba kwa majembe na sahani. Tuliweka chombo penye tope, na mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda.

Mwanamume mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu, tope mpaka mapajani. Jina lake Nestor. Alikuwa amekwenda Bujumbura kuuza mihogo siku ya mporomoko, na mkewe Godelieve alibaki nyumbani.

“Mama, hii ni nini?” akauliza.

“Ni pumzi.”

“Hapa chini ilikuwa jiko yetu.” Hakulia. Alichukua jembe kutoka mkononi mwa jirani yake. “Basi iko hai.”

Walichimba mpaka wakafika kwenye sakafu ya jiko. Walikuta mafiga, sufuria iliyopondeka, kanga. Hakuna mtu. Tulisogeza chombo hatua chache, na pumzi ikawa pale, upande wa bonde. Walichimba pale. Hakuna kitu. Tukasogea tena. Kila tulikochimba hakukuwa na mtu, na kila tulikohamia kulikuwa na mtu anayepumua.

Siku zilipita mpaka ikafika siku ambayo hakuna aliyetegemea tena. Wachimbaji waliondoka kwenda kuzika waliopatikana. Godelieve hakuwa miongoni mwao. Mkuu wa zoni, kiongozi wa eneo lile, aliomba chombo kibaki, akasema kukiondoa kutaleta fujo, na kwa hiyo mimi na Papa Bahati tulikuwa tunapanda pale kila asubuhi kubadilisha betri. Nestor tulimkuta daima ameshafika. Alikuwa amejenga kibanda kidogo cha maturubai juu ya kioo, kama watu wanavyomkinga mgonjwa na jua. Aliketi akiongea nao, ule mstari. Alimwambia mkewe kwamba mbuzi amezaa, kwamba dada yake amefika kutoka Gatete. Mstari ulipanda na kushuka.

Wakwe zake walikuja na vinywaji ili msiba uanze kama unavyopaswa. Aliwarudisha kwa adabu. “Mutu anayepumua haliliwi,” akawaambia.

Baada ya hapo watu waliacha kukatiza mteremko ule. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka ziwani na ndagala, yaani dagaa, kichwani walianza kuzunguka mbali, ingawa njia hiyo iliwachosha mara mbili. Mmoja aliniambia kwamba ukisimama pale bila viatu unaisikia ardhi ikivimba na kutulia chini ya nyayo. Sikumbishia. Mimi mwenyewe nilisimama pale mchana, jua kali, ziwa jeupe chini yetu, nikagundua kwamba kifua changu kinafuata ule mstari. Nilijaribu kupumua kwa mwendo wangu na sikuupata mpaka niliposhuka barabarani.

Jambo lililomsumbua Papa Bahati lilikuwa lingine. Alikaa mbele ya kioo asubuhi nzima bila kuimba.

“Mama Zaina, weye ulilea watoto. Mutoto akilala, anapumua namna gani?”

“Vizuri tu. Mara ashushe pumzi ndefu, mara akohoe, mara ageuke.”

“Hii haigeuki. Haikohoi. Iko hapa toka siku ya kwanza na haijachoka hata mara moja.”

“Basi ni nini?”

Alimtazama Nestor aliyekuwa anarekebisha kamba ya turubai. “Siyo swali ya kujibu hapa,” akasema.

Alitaka tujaribu chombo mahali ambapo tuna hakika hakuna mtu, wala hajafa mtu. Alichagua nyumba moja Rumonge, katika mitaa ile ya chini ambayo ziwa lilipopanda liliichukua. Wenyewe walikuwa wamehama salama na watoto wao wote, walikuwa wanaishi kwa shangazi na walitupa ruhusa kwa furaha. Tulikwenda mchana. Maji yalikuwa mpaka magotini, safi, na samaki wadogo walikuwa wanapita kwenye ukumbi kama watoto wa nyumba hiyo. Kalenda ilikuwa bado ukutani. Papa Bahati alisimama mlangoni akapiga hodi, mtu mzima, injenia, akangoja kidogo kabla ya kuingia. Na mimi nilingoja.

Tukiwa ukumbini, tuliegemeza chombo kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda.

Nilizunguka kwenda chumbani nikisukuma mlango uliovimba kwa maji. Kulikuwa na kitanda cha mbao, bila godoro, maji yakigusa mbao zake. Nilirudi. “Hakuna mtu,” nikasema, na nikaona aibu kwa sababu nilikuwa nimenong'ona.

“Bado anapumua,” Papa Bahati akasema, naye ananong'ona.

Tulikaa hivyo, miguu ikipata baridi. Mtaa wa juu kulikuwa na kinu cha kusaga muhogo kinachovuma, na redio ya mtu, na misumeno ya seremala. Ghafla vyote vikanyamaza pamoja. Umeme ulikuwa umekatika. Nilitazama kioo. Mstari ulikuwa umelala kabisa. Mji wote ulinyamaza, na yule wa ukutani akanyamaza pamoja nao.

Tulisubiri ndani ya maji yale mpaka umeme uliporudi. Kinu kikaanza kuvuma. Kitambo kidogo baadaye, kama mtu aliyekuwa ameziba pua na sasa ameiachia, mstari ukapanda.

Papa Bahati alianza kucheka polepole, kisha akaacha. “Ni sahani,” akasema. “Sahani za mtandao.”

Mnazijua zile sahani nyeupe zilizofungwa kwenye minara, zinazorushiana mtandao kutoka kilima hadi kilima kufuata ufuo wote, Rumonge mpaka Muhuta na kupita; ile ya mtaa huo ilitegemea umeme wa mji, za vilimani zina betri zake. Masafa yake yamo ndani ya yale mapana ambayo antena yetu ilifundishwa kuyapokea yote. Sauti yake ni kubwa, na maji ya ziwa huirudisha kama kioo. Lakini kwa nini ionekane kama pumzi? Nilielewa siku nyingine, nikiwatazama wanawake wawili wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja. Mwendo wao ulikuwa karibu sawa, si sawa kabisa. Kuna wakati michi ilishuka pamoja, kuna wakati ilipishana, na kule kuungana na kupishana kulikuja na kuondoka polepole, taratibu kuliko mchi wowote. Chombo chetu hupima kwa mapigo yake, sahani ina mapigo yake, na tofauti ndogo kati yao ilitokea kuwa na mwendo wa mtu aliyelala usingizi.

Hapo ndipo nilipofundishwa kuifanya antena isisikie. Kwa maneno ni rahisi. Unakata ufa mwembamba wenye umbo la U katikati ya shaba, urefu wake nusu ya wimbi unalotaka kulikataa, ukipimwa kama wimbi linavyosafiri ndani ya plaketi, si hewani. Mkondo wa masafa hayo ukifika kwenye ufa unazunguka na kujiua wenyewe. Masafa mengine yanapita kama kawaida. Kwenye analizeri unaona antena inasikia, inasikia, kisha shimo, kisha inasikia tena. Nikikata ufa mrefu mno, shimo linashuka mahali pasipotakiwa. Nikiukata mpana mno, shimo linameza masafa ya jirani na antena haifiki tena chini kwenye udongo. Na yote hayo kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti, ambapo hakuna nafasi ya kukosea halafu ukajisogeza pembeni.

Antena ya kwanza iliyofanya vizuri mezani ilishindwa nje. Tuliiweka kwenye tope nyuma ya stoo na pumzi ikarudi. Ilituchukua muda mrefu na maneno machache makali kugundua kwamba tope lenyewe ndilo linaloihamisha. Udongo mbichi ukigusa uso wa antena, wimbi linapunguza mwendo, ufa unakuwa kama umerefuka, na shimo linahama. Kwa hiyo niliacha kuikata kwa ajili ya meza. Nilijaza beseni udongo wa Muhuta, nikaulowesha, nikaizika antena ndani ya kifuniko chake cha plastiki, nikaupima ufa humo humo, nikaufupisha kidogo kidogo kwa kuziba ncha zake na risasi ya kulehemu mpaka shimo likakaa juu ya sahani. Hilo ndilo beseni. Udongo ukikauka, ongezeni maji, msiongeze udongo wa bustani, una mboji nyingi.

Kisha ilibidi turudi kwa Nestor. Papa Bahati alitaka kuongea yeye, lakini tulipofika alikaa chini kwenye jiwe na hakuinuka.

“Amahoro, Nestor.”

“Amahoro, Mama.”

Nilimweleza yote, sahani, umeme uliokatika, wanawake wa sombe. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mgeni amalize ili amkaribishe chakula. Nilifungua skrubu, nikatoa antena ya zamani, nikaweka mpya. Mstari ukalala. Upepo ulikuwa unatikisa turubai na nilisikia jinsi mahali pale palivyo kimya.

“Umemuziba mudomo,” akasema.

“Hapana. Hakuwa yeye.”

“Nilikuwa naongea naye kila siku.”

“Najua.”

“Nani alikuwa ananijibu?”

Ningemwambia nini? Zilikuwa salamu za watu wengine zikipita juu ya vichwa vyetu, picha za harusi, bei za samaki, mtu akimuuliza mwenzake amefika wapi. Nilisema tu kwamba hakuna aliyekuwa anajibu.

“Irudishe ile ya zamani,” akasema. “Kidogo tu.”

Papa Bahati alitikisa kichwa kunikataza. Niliirudisha. Pumzi ikaja, laini, sawasawa, kama haijawahi kukatizwa. Nestor aliitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akiihesabu kwa midomo, na nilimwona wakati alipoanza kungoja, kungoja kikohozi, pumzi ndefu, kitu chochote cha Godelieve. Mwisho alininyooshea mkono nimpe bisibisi. Alifungua skrubu yeye mwenyewe, akaniwekea antena mkononi. “Murakoze,” akanishukuru, akaanza kufungua kamba za turubai.

Msiba ulifanyika, na baada ya muda wake wakamaliza kuomboleza kwa sherehe ya kuganduka, kama ilivyo desturi. Tulialikwa. Nestor alihamia Kizuka kwa kaka yake na akajiunga na wachimbaji wa kujitolea. Popote tulipoitwa alikuwa pale na jembe lake, haongei sana.

Ndivyo tulivyokutana tena kwenye kinu cha mawese huko Kizuka. Ukingo wa udongo nyuma ya kinu ulikuwa umeangukia banda asubuhi, baada ya mvua. Wafanyakazi walitoka mbio wote, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa anachemsha ngazi, matunda ya mchikichi, jina lake Mama Siwema. Hata yeye, wengine walisema alitoka, wengine walisema alikuwa ameshakwenda nyumbani kunyonyesha. Hakuna aliyemwona.

Tulipitisha chombo juu ya banda zima na mstari ukalala kila mahali. Watu waliotuzunguka walikuwa wamesikia habari za Muhuta na walitaka pumzi. Mzee mmoja akasema chombo kimekuwa kiziwi. Wengine walianza kuondoka kwenda kumtafuta kwake. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuwa na shaka, maana antena iliyofundishwa kutosikia, unajuaje kama haikuzidisha?

Kwenye kona, karibu na mahali walipokuwa wakiweka mapipa, mstari ulitikisika. Ulipanda, ukasita, ukashuka vibaya, ukapanda tena mara mbili haraka.

Nestor aliinama juu ya bega langu. “Hii inachoka,” akasema.

Tuliita. “Mama Siwema.” Watu wote waliita, kutoka kila upande, wengine wakipiga mabati. Mstari ukalala. Tulinyamaza kwa hofu, na baada ya kitambo ukarudi, umeparaganyika. Tukaita tena. Ukalala tena, muda mrefu zaidi. Ilionekana kama sauti zetu ndizo zinazomuua. Nilisema hakuna mtu kuita tena. Walichimba bila neno, majembe tu na pumzi za wachimbaji, na mimi nikiwaashiria kwa mkono, kushoto, chini, polepole. Jua lilikuwa kali na tope lilikuwa limechanganyika na mawese, jembe linateleza. Ilichukua muda. Wachimbaji walianza kunong'onezana mambo ya kawaida, jinsi watu wanavyofanya wakichoka. Ghafla kutoka chini likaja pigo kwenye bati la pipa. Likaja tena.

Alikuwa ameketi kati ya mapipa mawili yaliyoegemeana, magoti kidevuni, hai, mguu mmoja umevunjika. Papa Bahati alikwenda nyuma ya kinu akakaa huko peke yake, na aliporudi alikuwa anaimba.

Nilimpelekea uji kwenye zahanati siku zilizofuata, na mara ya pili, alipokuwa na nguvu, nilimuuliza lile lililokuwa linaninyima raha. Kwa nini alikuwa anakata pumzi kila tulipomwita? Alikuwa anazimia?

“Hapana,” akasema. “Nilikuwa nasikia vizuri. Niliamka katika giza, siwezi kusogea, kisha nikasikia jina yangu inaitwa kutoka juu, kutoka kando, sauti nyingi, na zote zilikuwa za chini chini, kama za watu ambao hawana mudomo. Nikajua tayari nimezikwa. Nikajua hao ni wale walionitangulia, wananitafuta. Bibi yangu alinikataza kuitikia sauti ambayo sioni uso wake. Basi kila mulipoita, nilibana pumzi, ili musinipate.”

Nilichota uji mwingine kwa kijiko.

“Na mbona uligonga pipa?”

Mama Siwema alitabasamu kidogo, akakichukua kijiko mwenyewe.

“Mulinyamaza, nikaogopa zaidi. Halafu mwanaume mumoja, hapa karibu na sikio yangu, akasema njaa inamuuma, na kama muke wake angekuwa hai angemuletea hata muhogo wa kuchoma. Nikasema, huyu hajafa. Nikagonga.”